Kabla hujanunua betri nyingine

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi huku hatujambo.

Barua yako nimeipata juzi. Niliposoma kwamba gari lilikataa kuwaka pale kwenye mstari wa kuanzia mbio, wenzako wakiondoka wewe umekaa na mkanda umefungwa, roho iliniuma, maana najua ulivyokesha ukiliandaa. Lakini uliposema unatafuta betri kubwa zaidi, nikaona nikuandikie leo leo. Tafadhali usinunue kwanza.

Msimu uliopita langu lilinifanyia vivyo hivyo. Stata, ile mota inayoamsha injini, ilizunguka kwa kujikokota, na betri ukiipima ina volti 12.7, yaani imejaa. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ya pili kwenye chuma cha injini, nikamwomba kijana apige stata. Mita ikapanda hadi volti 1.3. Hapo inatakiwa isizidi 0.2 au 0.3 hivi; ikizidi, ujue umeme unapotelea njiani. Nikafungua bolti ya waya wa ethi, ule unaounganisha hasi na bodi, na chini ya pete ya waya nikakuta rangi ya bodi, inang'aa kama siku ilipopulizwa. Nikaikwangua mpaka chuma kitupu, nikakaza, nikapaka grisi kwa juu kuzuia kutu. Gari likawaka kwa mguso mmoja. Betri ni ile ile hadi leo.

Pima na upande wa chanya pia. Wewe betri yako iko kwenye buti, stata iko mbele, na umeme ukisafiri mita nne kwenye waya mwembamba, mwingi unaishia njiani. Mimi nimetumia waya wa milimita za mraba 50. Unapopita kwenye bati uvalishe mpira, usije ukajikwangua ukawasha moto.

Ikiwa betri yenyewe ndiyo mbovu, basi nadhani iliharibikia gereji. Magari yetu hulala wiki nyingi, na betri ya risasi, hii ya kawaida, ikilala na njaa, salfeti, yaani chumvi ngumu, huganda kwenye sahani zake mpaka chaja inashindwa kuiyeyusha. Ukiikuta chini ya 12.4, ichaji siku hiyo hiyo. Hiyo ya lithiamu unayoitamani ni nyepesi kweli, lakini inataka chaja yake. Chaja za risasi zenye hatua ya kuondoa salfeti hupandisha volti kupita kiasi, zinaweza kuiua. Hata vipimo vyake ni vingine: volti 12.8 kwa risasi ni shibe, kwa lithiamu ni karibu na njaa, kwani ikijaa na kutulia husoma kama 13.3.

Sasa kuna jambo ambalo limeninyima usingizi. Kwenye picha uliyonitumia, betri imeshikwa na mkanda wa mpira. Hamisi, gari likibiringika, kile kitu cha kilo 15 kitakuja kichwani kwako. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa betri iliyohamishwa zinataka kitako cha chuma na vibano viwili vya chuma vilivyofunikwa visipitishe umeme, bolti za unene wa milimita 10, na chini ya sakafu kila bolti iwe na bamba la chuma la unene wa milimita 3. Hata kama mashindano yenu hayakagui hivyo, fanya hivyo. Na ncha ya chanya uifunike.

Wakati wa kufungua, anza na hasi. Wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote unapita kwenye spana, na mkono wako uko hapo hapo.

Ukimaliza, washa injini kisha zima kwa swichi kuu, ile ya kukata umeme wote. Injini ikiendelea kunguruma, ujue alteneta, jenereta ya gari, bado inailisha na swichi imeungwa vibaya. Mtu wa zimamoto akiivuta swichi ile, kila kitu lazima kife.

Jumamosi nina nafasi. Nitakuja na mita yangu na zile bolti, wewe tafuta bamba la chuma tu. Mpaka hapo gari lisitoke.

Wako,
Selemani