Watunga sera wetu waingie kwenye rasimu za viwango vya intaneti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie viongozi wa sekta ya mawasiliano, pamoja na wabunge wa Kanda ya Ziwa, kuhusu viwango vya kiufundi vya intaneti, yaani kanuni zinazowezesha vifaa kuwasiliana, ambavyo hutungwa hadharani huku sauti zetu zikisikika kwa nadra.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na IETF, kikosi cha wahandisi kilichoanza mwaka 1986. Hakina kadi za uanachama wala kura za mataifa. Yeyote anaweza kuandika rasimu na kujibu hoja kwa barua pepe, akiwa hata hapa Ilemela. Mwenyekiti wa kikao akitaka kupima msimamo wa ukumbi, desturi ya miaka mingi imekuwa kuwaomba waliopo wavumishe sauti midomo ikiwa imefumbwa badala ya kuhesabu mikono, kwa sababu pingamizi moja la kiufundi lisilojibiwa linaweza kuwa na uzito kuliko wingi wa watu. Waraka ukipita huchapishwa, na kuusoma ni bure.

Tazama suala la anwani, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni. Toleo la nne la itifaki ya intaneti (IPv4) lina anwani zipatazo bilioni 4.3, ambazo hazitoshi dunia, hivyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mmoja wao akisambaza barua taka, tovuti inayoifunga anwani hiyo inaweza kumfungia pia mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, asijue amekosa nini. Toleo la sita (IPv6), ambalo ndilo dawa, IETF ililichapisha Desemba 1998! Serikali ingeweza kuharakisha mambo kwa kuweka tu sharti la toleo hilo katika zabuni zake.

Tena, mwaka 2014 IETF ilichapisha waraka wa maafikiano kwamba ufuatiliaji mpana wa mawasiliano ya watu ni shambulio, na kwamba itifaki, yaani kanuni za mawasiliano ya vifaa, zibuniwe kwa namna ya kulipunguza inapowezekana. Anayeandika kanuni za usalama wa mtandao bila kuusoma waraka huo atagongana na teknolojia iliyokwisha kusambaa, ilhali hoja za dola na za raia zingepata wasikilizaji wakati wa rasimu.

Internet Society, shirika la kimataifa lisilo la kiserikali linalotetea intaneti, limekuwa likiwaalika watunga sera kwenye mikutano ya IETF. Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iitumie fursa hiyo, na kabla ya kila safari maofisa wake wakae na wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vya Mwanza, wazisome rasimu pamoja na kutuma maoni kwa maandishi.

Msomaji wako,
Ilemela, Mwanza