Barua ya wazi kwa vijana wa stasyo za kahawa (vituo vya kuoshea kahawa), baada ya konteina ya kwanza

Wanangu wa Kabare, Kalehe na Idjwi, mnaoosha kahawa huko vijijini na kuiuzia hapa Bukavu,

Hongereni sana. Kahawa yenu imeondoka, waonjaji wameipa alama zaidi ya 80 kwa 100, na wakulima wamelipwa. Asiwepo mtu wa kuidharau kazi hiyo. Nawaandikia sasa, kabla matunda hayajaanza kuiva, kwa sababu stasyo haianguki sana msimu wa kwanza. Huanguka wa pili au wa tatu, wakati kila mmoja anaamini ameshajua.

Kwanza tenganisheni kile mlichopewa na soko na kile kilichotoka mikononi mwenu. Bei ya arabika kule New York ilipita dola 3 kwa ratili (gramu 454) mwaka 2011. Mwaka 2019 ilikuwa chini ya dola 1. Februari 2025 ikapita dola 4. Anayeuza mwaka wa bei ya juu hupata faida hata kama kahawa yake ni ya ovyo, na faida hiyo humfichia makosa yake. Basi fungueni daftari la msimu uliopita, mpige hesabu upya kwa dola 1 na nusu. Mkishalipa matunda, vibarua, usafiri na riba, kinabaki nini? Kama hakibaki kitu, bado hamjafanikiwa, mlibebwa tu.

Ulegevu huanzia kwenye mizani. Mwaka wa kwanza kijana wa mizani alirudisha kikapu chenye matunda ya kijani bila kumwonea mtu haya. Mwaka wa pili komisyonea, yaani dalali wa kahawa, amesimama barabarani ananunua kila kitu, nanyi mmeahidi konteina mbili. Mnaambiana: tupokee tu, tutachambua baadaye. Angalieni gharama yake. Konteina ya futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Mkihitaji kilo 6.5 za matunda kupata kilo moja ya kahawa iliyokobolewa, mtanunua kilo 124,800. Mkipokea mabichi na mepesi hadi ihitajike kilo 7.5, mtanunua kilo 144,000. Hizo kilo 19,200 za ziada mmezilipia, na ladha imeharibika juu yake. Kwa hiyo hesabu ya kilo za matunda kwa kilo moja ya kahawa iandikwe kila wiki, ibandikwe ukutani ambapo hata mkulima anaiona. Ikipanda, simamisheni upokeaji siku hiyohiyo mtafute sababu.

Halafu mashine ya kumenya. Usiku, kazi ikiisha saa nne na watu wamechoka, fungueni kifuniko mpitishe vidole nyuma ya sahani, lile bamba la chuma linalomenya. Punje mbili tatu hubanwa pale. Zikilala humo, kesho zitatoka zimeoza pamoja na kahawa mpya, na punje moja iliyooza hunukisha kikombe kizima. Kiongozi asipokuwepo saa hiyo, kifuniko hakifunguliwi. Hili nalisema kwa mkazo, kwa sababu mafanikio ya kwanza humhamishia kiongozi mjini: nyumba Bukavu, gari, mikutano, na stasyo inaongozwa kwa simu. Kuanzia mavuno yaanze hadi parche (kahawa iliyooshwa, ingali na ganda lake jembamba) ya mwisho ikauke, laleni stasyo.

Kuchachusha, yaani kuiacha kahawa iliyomenywa ndani ya tangi hadi ute uachie, ndiko wajuzi wa mwaka mmoja wanakopotea zaidi. Walipata saa 14 zikawafaa, sasa wanatazama saa badala ya kahawa. Usiku wa baridi tangi huenda polepole, siku ya joto huenda mbio, na tangi lililojaa halilingani na lililo nusu. Chota konzi moja, ioshe, isugue kati ya viganja. Ikiteleza, ute bado upo. Ikikwaruza na kulia kama changarawe, osheni mara moja. Mkichelewa, ladha ya siki itaingia. Fanyeni hivyo kila tangi, na matokeo yaandikwe.

Juu ya meza za kuanikia, tabaka lisizidi sentimita 3, mfunike adhuhuri jua likiwa kali au mvua ikikaribia, hadi kipima unyevu kisome asilimia 11 au karibu na hapo. Hayo mnayajua.

Ladha ya kiazi ni jambo jingine. Inahusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda shambani, na kukaanga hakuiondoi. Kikombe kimoja chenye harufu ya maganda ya kiazi kibichi kinaweza kumfukuza mnunuzi. Tieni matunda majini mtoe yanayoelea, chagueni parche ingali na maji mezani, kwani ndipo kidonda huonekana vizuri. Lakini dawa iko shambani: kupogoa ili mwanga uingie, na kuokota wadudu kwa mkono. Sehemu ya faida ya mwaka huu iende kwa vijana wa kuwatembelea wakulima, kabla ya kununua pikipiki ya ofisi.

Kuhusu makuta: malipo ya pili ya wakulima yatengwe siku pesa inapoingia, na yasiguswe bila sahihi tatu. Msifunge bei ya kuuza, yaani kukubaliana bei na mnunuzi, kwa kahawa ambayo hamjanunua. Fungeni kidogokidogo, kadiri matunda yanavyopokelewa. Mkifunga yote Januari na bei ya matunda ikapanda Aprili, tofauti inatoka mfukoni mwenu. Wekeni pia akiba ya vipuri na ya mwezi mmoja wa vibarua. Mwaka 2025 mmeona benki za Goma na Bukavu zikifunga milango, mkaona ni nani aliyeweza kuendelea kulipa.

Mwezi huu fungueni mashine yote, badilisheni sahani iliyolika, shoneni wavu wa meza. Kisha waiteni wakulima, muwasomee hesabu nzima ya msimu uliopita, pamoja na hasara, na muwaache waulize hadi wachoke.

Mzee wenu,
Bukavu