Mbona Bastola Yako Inapiga Vizuri Mita 5 na Kupotea Mita 20?

Mteja akitupigia simu kutaka tumrekebishie bastola, maneno huwa karibu yale yale: "Kocha, hii bastola inavuta kushoto." Tukimuuliza inavuta kiasi gani, na akiwa mita ngapi, anasita. Anachojua ni kwamba akisimama karibu na karatasi ya shabaha matundu yanakaa pamoja, lakini akirudi nyuma hata hatua chache yanatawanyika. Kufikia hapo ameshaamua kwamba vilengeo, vile vidude viwili vya kulengea juu ya bastola, vimesogea, au boksi la risasi aliloletewa ni bovu, au bastola yenyewe aliuziwa na kasoro.

Tunaandika haya kwa urefu kwa sababu bastola nyingi zinazoletwa kwetu hazihitaji fundi. Zinahitaji mwenyewe azipige kwa umbali tofauti, kwa utaratibu, kisha asome karatasi yake vizuri kabla ya kuamua lolote. Ukishajua kusoma karatasi unaokoa pesa za fundi, na pia pesa za risasi, ambazo kila mwenye cheti cha silaha hapa Kenya anajua si za kuchezea.

Tuanze na hesabu. Chukua Glock 19, bastola ambayo wengi wanaifahamu. Kutoka kilengeo cha nyuma, kile chenye pengo, hadi kilengeo cha mbele karibu na mdomo wa mtutu, ni takriban milimita 153. Sasa tuseme risasi inapotoka, kile cha mbele kimeegemea kushoto ndani ya pengo kwa milimita 1 tu. Ukiwa mita 5, risasi itatua sentimita 3 kushoto. Ukiwa mita 10, sentimita 6 na nusu. Ukiwa mita 25, zaidi ya sentimita 16. Mkono ni ule ule, na milimita ni ile ile moja.

Wanaoshiriki mashindano ya IDPA, mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola za kujilinda, wataelewa haraka maana yake. Duara la katikati la shabaha yao lina upana wa inchi 8, kama sentimita 20, yaani sentimita 10 kutoka katikati hadi ukingoni. Kosa la milimita 1 ukiwa mita 10 bado linakuacha ndani ya duara, hupotezi chochote, na unarudi nyumbani ukiamini mambo yako yamenyooka. Kosa hilo hilo ukiwa mita 25 linakutoa nje, na kila pointi unayopoteza inaongezwa kwenye muda wako kama sekunde 1. Kosa ulikuwa nalo tangu mita 5. Pale karibu shabaha ilikuwa kubwa mno kulionyesha.

Kuna dhana moja tunayoisikia sana, kwamba ukirudi nyuma lazima ulenge juu zaidi kwa sababu risasi "inaanguka". Kwa umbali tunaofanyia mazoezi, isahau. Risasi ya milimita 9 inayotoka kwa kasi ya mita 350 kwa sekunde inafika mita 25 katika sekunde 0.07 hivi, na kwa muda huo mvutano wa dunia umeishusha kama sentimita 2 na nusu tu. Vilengeo navyo vimekaa juu ya mtutu kwa karibu sentimita 2, kwa hiyo bastola iliyowekwa sawa kwa mita 25 itapiga chini kidogo, sentimita 1 hivi, ukiwa mita 5. Tofauti hiyo inamezwa na tundu la risasi lenyewe. Mtu anayepiga chini kwa sentimita 15 akiwa mita 20 asimsingizie mvutano wa dunia. Aitazame triga yake.

Na hapa kwenye triga ndipo tunapotumia muda wetu mwingi na wateja. Bastola inalipuka mkononi, na mwili haupendi mlipuko. Baada ya risasi chache tu, mwili unaanza kuuwahi: sehemu ndogo ya sekunde kabla risasi haijatoka, kifundo cha mkono kinasukuma chini na vidole vyote vinakaza kwa pamoja. Kwa mtu wa mkono wa kulia matundu mara nyingi huishia chini upande wa kushoto. Mwenyewe hahisi kabisa, kwa sababu teke la bastola linafunika kila kitu, na ukimwambia anasukuma hakuamini.

Kwa hiyo hatumwambii. Tunachukua magazini yake, tunachanganya ndani yake risasi halisi na risasi bandia za mazoezi bila yeye kuona mpangilio, kisha anapiga akiwa mita 7. Risasi halisi inatoka, bastola inaruka kama kawaida. Inayofuata ni bandia: triga inarudi nyuma, kunasikika tik, na mdomo wa bastola unazama chini kama mtu aliyeitikia kwa kichwa. Hakuna mlipuko wa kuficha. Mteja anabaki ameitazama bastola, wengine wanacheka, wengine wananyamaza, na hoja ya vilengeo kusogea inaishia hapo. Kuanzia siku hiyo mazoezi yake huwa na mwelekeo. Anafanya kazi ya kubonyeza triga taratibu hadi mlipuko umkute hautarajii, na nyumbani anarudia kwa bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi zote zikiwa chumba kingine, na mtutu ukielekea ukuta imara usio na mtu nyuma yake.

Tukirudi kwenye umbali: kila hatua unayorudi nyuma ina kazi yake, na hatupendi mtu aruke.

Mita 3 hadi 5 ni za triga na mshiko. Hapo vilengeo havina uzito mkubwa, kwa hiyo akili inapata nafasi ya kusikiliza kidole. Risasi tano polepole, kwenye karatasi isiyo na duara lolote, ukitafuta zote ziingie mahali pamoja. Usijali kama kundi la matundu limekaa katikati au pembeni. Ukubwa wa kundi ndio habari. Kama kundi lako ni pana kuliko kiganja ukiwa mita 5, hakuna sababu ya kurudi nyuma leo.

Mita 10 ni za macho. Jicho la binadamu haliwezi kuona wazi vitu viwili vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja, na hapa una vitatu: kilengeo cha nyuma, cha mbele, na shabaha. Tunachofundisha ni kuona wazi kile cha mbele na kuiacha shabaha iwe na ukungu. Ni jambo gumu kulikubali, maana kila hisia inakwambia uangalie unachotaka kupiga. Tuliowazoea tunawatambua kwa karatasi: mtu ambaye macho yake yanakimbilia shabaha hupata kundi zuri mita 5, na mita 10 kundi linapasuka ghafla, zaidi ya ile mara mbili ambayo hesabu inatarajia. Wateja wetu waliovuka miaka 45 hivi wana tatizo la ziada, kwamba kilengeo cha mbele chenyewe hakionekani wazi tena kwa urefu wa mkono. Hilo si la mazoezi, ni la daktari wa macho, na mwambie unataka kuona wazi kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, si kwa umbali wa kitabu.

Watu wengi walianza kutuuliza juu ya macho na miwani baada ya picha ya Yusuf Dikeç, yule Mturuki aliyepata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan kwenye Olimpiki ya Paris 2024, amesimama mkono mmoja mfukoni na miwani ya kawaida. Tunafurahi kwamba picha ile ilileta watu viwanjani. Lakini mchezo aliopatia medali ile ni wa bastola ya upepo, na umbali ni mita 10 siku zote, dhidi ya duara la pointi 10 lenye upana wa milimita 11.5. Na amefanya mazoezi kwa miaka mingi. Anayetaka kujifunza kwake achukue utulivu wa triga. Mkono mfukoni si wa kuiga kwa bastola ya milimita 9.

Mita 15 hatuna mengi ya kusema, ni daraja tu. Ukipita pale bila kundi kuharibika, endelea.

Mita 25 ndipo ukweli wote unapotoka. Kwenye mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, duara la pointi 10 la shabaha ya polepole ya mita 25 lina upana wa sentimita 5 tu. Hatumtarajii mteja wetu apige hapo kwa bastola ya kubeba kiunoni, na hakuna haja ya kujilinganisha. Lakini risasi kumi kwa mita 25, bila haraka, ndani ya karatasi ya kawaida ya ukubwa wa A4, ni lengo ambalo mtu wa kawaida anayefanya mazoezi kwa nia anaweza kulifikia. Na akilifikia, mita 7 inakuwa nyepesi kwake kwa namna ambayo mazoezi ya mita 7 peke yake hayawezi kumpa.

Sasa kusoma karatasi. Piga risasi tano tano kwa mita 5, 10 na 25, kila umbali karatasi yake, ukilenga katikati. Kama matundu yanatawanyika pande zote na kutawanyika kunaongezeka kadiri unavyorudi, hilo ni lako, endelea na mazoezi. Kama kundi ni dogo lakini limekaa pembeni, na linakwenda pembeni kwa uwiano, mathalani sentimita 2 ukiwa mita 5, sentimita 4 ukiwa mita 10, sentimita 10 ukiwa mita 25, basi kuna jambo la kudumu. Linaweza kuwa kidole chako kinachosukuma kwa namna ile ile kila mara, na linaweza kweli kuwa vilengeo. Hapo ndipo tunapoweka bastola juu ya mfuko wa mchanga na kumpa kocha apige. Kundi la kocha likikaa pembeni kama lako, tunachukua zana.

Kusogeza kilengeo ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa sentimita 10 ukiwa mita 25, kwa bastola ile ile yenye milimita 153 kati ya vilengeo, ni milimita 0.6 tu. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa upande unaotaka risasi ziende: zinapiga kushoto, kinasogea kulia. Ndiyo maana tunawasihi msikigonge na nyundo nyumbani. Pigo moja la hasira linaweza kuvuka milimita 2, na hapo kosa dogo limekuwa kubwa.

Ile michoro ya duara iliyogawanywa kama keki, inayodai kukuambia kosa lako kwa kuangalia tundu lilipo, tunaitumia kwa tahadhari sana. Imekaa kwa ajili ya upigaji wa mkono mmoja, na wateja wetu karibu wote hushika kwa mikono miwili. Mtu anaisoma, anabadilisha mshiko, triga na mkao kwa siku moja, na wiki inayofuata hajui tena kilichomsaidia na kilichomharibia.

Wanaouliza kuhusu vilengeo vya nukta nyekundu, vile vya kioo kidogo chenye nukta ya mwanga: ndiyo, vinaondoa kazi ya kulinganisha vilengeo viwili, na wenye macho ya umri mkubwa hupata nafuu ya kweli. Nukta ya dakika 3 (dakika hapa ni kipimo cha pembe, si cha muda) hufunika kama sentimita 2 kwa mita 25, inatosha. Ila nukta haibonyezi triga kwa niaba yako. Mtu anayewahi mlipuko ataiona nukta ikiruka chini, na kwa hilo pekee tunaipenda kama chombo cha kufundishia.

Ukija kwetu kwa kipindi cha umbali, risasi 50 zinatosha. Njoo na cheti chako halali cha Bodi ya Leseni za Silaha, kitambulisho, na bastola ikiwa tupu ndani ya mkoba. Miwani na vifaa vya kuziba masikio tunavyo, ila kama una vyako unavyovizoea vilete. Chagua asubuhi ukiweza, maana jua la alasiri kwenye uwanja wetu linapiga upande mmoja wa kilengeo cha mbele na jicho linahadaika kukiona kimesogea. Na kama una karatasi zako za zamani hujazitupa, zilete, mradi umeandika ulikuwa mita ngapi. Tutaanza na hizo mezani kabla ya kufungua boksi la risasi.