Kwa nini kuandaa sampuli moja ya likeni kunagharimu kiasi hicho

Msimu wa tasnifu ukikaribia, simu hazikatiki na swali ni lile lile: maabara ya nje inatoza kiasi kidogo kwa kila kapsuli (kikopo kidogo cha bati chenye unga wa sampuli), nyinyi wa maabara ya hapa Arusha mnatoza zaidi yake, na kazi yenu ni kukausha na kusaga tu? Majuzi mteja mmoja, mshauri wa tathmini ya athari kwa mazingira, alifika mbali zaidi. Alisema tumemla hela yake, kwa sababu ripoti yetu ilimwambia kwamba sehemu kubwa ya sampuli zake haina jibu tunaloweza kulisimamia. Namjibu hapa hadharani, bila kumtaja, maana najua wengi mna dukuduku hilo hilo.

Likeni ni yale magamba ya kijivu kwenye magome ya mijakaranda ya mjini, na zile ndevu zinazoning'inia kwenye miti ya msitu wa Mlima Meru. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Haina mizizi, wala haina ile nta inayolinda jani la mti, kwa hiyo karibu kila inachokula inakipata kwenye hewa, mvua, ukungu na vumbi. Ndiyo maana mwaka 1866 William Nylander, mtaalamu wa likeni kutoka Ufini, aliweza kuzitumia likeni za bustani ya Luxembourg, Paris, kueleza ubora wa hewa ya jiji lile. Ukihesabu aina za likeni utajua kama hewa ni chafu. Isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, zinakusaidia kujua uchafu umetoka wapi, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Nitrojeni ya hewani karibu yote ni nitrojeni-14. Nitrojeni-15, iliyo nzito kidogo, ni kama asilimia 0.37 tu. Amonia inayopaa kutoka kwenye samadi na mbolea kwa kawaida huwa na upungufu wa ile nzito. Oksidi za nitrojeni zinazotoka kwenye moshi wa magari mara nyingi huwa nayo zaidi. Likeni inabeba alama ya ilichokula. Tofauti zenyewe ni ndogo mno, tunazisoma kwa sehemu kwa elfu, huku nitrojeni ya hewa ikihesabiwa kuwa sifuri.

Sasa mshauri wetu. Alituma kijana kando ya barabara kuu na mfuko mmoja, akamwambia abandue likeni yoyote atakayoiona. Kijana akabandua kweli. Ndani ya mfuko tulikuta likeni za majani mapana ya kijivu zimechanganyika na zile nyeusi zinazovimba kama utelezi mvua ikinyesha. Hizi nyeusi zina sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea) badala ya mwani wa kijani, nazo hutengeneza nitrojeni yao moja kwa moja kutoka hewani. Namba yao hukaa karibu na sifuri hata ukiziokota katikati ya zizi. Ukizisaga pamoja na za kijivu unapata wastani wa vitu viwili visivyohusiana. Mashine haitakataa, itakupa namba yenye desimali zake safi, na mtu ataiandika kwenye ripoti ya serikali. Sisi tulikataa kuisaini. Ilibidi akodi gari tena, alipe posho tena, arudi vituo vyote. Kutenganisha aina pale pale mtini kungemchukua asubuhi moja.

Mfuko wenyewe pia ni tatizo. Likeni mbichi ndani ya rambo huota ukungu upesi, na ukungu ukishaota kilicho mle si likeni peke yake. Tumieni bahasha za kaki. Msiokote zilizoanguka chini wala zile za usawa wa goti, ambako mbuzi na mbwa wamekojoa na udongo umerukia. Msihifadhi kwa spiriti. Na tafadhali msioshe! Dada mmoja wa shahada ya uzamili aliziosha kwa maji ya bomba na sabuni ya vyombo, kwa nia njema kabisa, ili atupunguzie kazi. Maji yalichukua nitrojeni iliyoyeyuka, ambayo ndiyo aliyokuwa anaitafuta, na sabuni ikaacha yake.

Sisi tunasafisha kwa kibano chini ya darubini, gamba kwa gamba, tukitoa magome, mchanga, miguu ya wadudu na vipande vya majani. Sampuli chafu inaweza kula nusu siku ya mtu. Baada ya hapo ndipo inaingia oveni kwa nyuzi 60, inasagwa kwa mashine ya gololi hadi iwe unga kama poda, na gololi zinasafishwa kabla ya sampuli inayofuata. Kisha mizani: tunapima kwa miligramu kwenye vikapsuli vya bati, na kwa kuwa likeni nyingi zina nitrojeni kidogo, zinahitaji unga mwingi kuliko jani la kawaida. Mpimaji akipiga chafya, tunaanza upya.

Wateja wa Tanga hulalamika kwamba tunawatoza mara mbili. Kule kuna mawe ya chokaa, na vumbi lake hukaa juu ya likeni. Tukipima pia isotopu za kaboni, ambazo zina sifuri yao tofauti na ya nitrojeni, kaboni ya chokaa iko karibu na sifuri, ya likeni iko chini sana ya hapo, kwa hiyo chembe chache zinatosha kupotosha jibu. Lazima tuiondoe kwa asidi. Lakini asidi hiyo hiyo huweza kuharibu kipimo cha nitrojeni. Basi tunagawa unga: fungu moja linatiwa asidi kwa ajili ya kaboni, jingine linabaki kama lilivyo kwa ajili ya nitrojeni. Ni kapsuli mbili na mizunguko miwili ya mashine. Siwezi kuipunguza bei hiyo bila kukuuzia namba ya uongo.

Kuna mzee mmoja, mkulima wa kahawa, alitaka tuandike kwamba moshi wa kiwanda ndio unaoua mibuni yake. Likeni za shambani kwake zilisoma chini ya sifuri, na kadiri tulivyokaribia mabanda ya ng'ombe ndivyo zilivyozidi kushuka. Tuliandika amonia. Hakufurahi, na namwelewa, lakini tungeandika alivyotaka asingedumu mbele ya mtaalamu wa upande wa pili hata dakika tano. Tena tuliweza kusema hivyo kwa sababu alikubali, kwa shingo upande, kulipia sampuli za kulinganisha: za msituni mbali na kila kitu, na za chanzo chenyewe. Wengi hukata hizo kwanza wakitaka kubana bajeti. Bila hizo siwezi kutofautisha banda na barabara, maana vyanzo hivi namba zao hupishana na kuingiliana.

Jambo la vibali. Msitu wa hifadhi una TFS (wakala wa huduma za misitu), hifadhi ya taifa ina TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na sampuli ikivuka mpaka inahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu). Tunasaidia kujaza karatasi, ila hatupokei likeni zilizochukuliwa bila ruhusa, hata mteja akija na fedha taslimu. Tupigieni kabla ya kwenda porini, tupange vituo na aina pamoja. Mazungumzo hayo hatuyatozi.