Nakala ya kitambulisho chako inabaki wapi?

Mwezi uliopita nilinunua karanga kwa kijana anayepita mtaani kwetu hapa Ngamiani, Tanga. Nilipokunjua kikaratasi nikakuta nusu ya uso wa mama mmoja, jina lake kamili na namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yote yanasomeka. Ilikuwa kopi iliyoharibika, wino umekolea upande mmoja. Haikutoka kwenye steshenari yetu, lakini ingeweza kutoka kwetu, maana makaratasi yetu mabovu nayo tulikuwa tukiwagawia wauza vitafunwa. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Anayeiokota karatasi ile tayari anakujua jina, sura na umri.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuonwa na asiyehusika, na asikae nazo kupita kazi aliyozichukulia. Wengi hudhani hayo ni ya benki na kampuni za simu. Lakini steshenari inayowajazia vijana fomu za mkopo wa chuo inashika vyeti vya kuzaliwa, picha na namba za wazazi wao. Ni dhamana kubwa hiyo.

Kwa hiyo utaratibu umebadilika. Kopi ikiharibika tunaichana mbele yako, au unaondoka nayo. Ukitutumia cheti kwa WhatsApp, tukishachapa tunakifuta kwenye simu na kwenye kompyuta, mpaka kwenye lile pipa la taka la kompyuta ambalo wengi husahau kulimwaga. Nywila, yaani neno la siri la akaunti yako ya mtandaoni, utaiandika mwenyewe. Daftari letu la zamani, lenye nywila za wateja wa miaka minne, tumelichoma moto uani.

Nawe ukiwa nyumbani piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi za mtandao husika ukaikane.

Lile daftari watu walilipenda. Mama mmoja wa Makorora aliniuliza, "Sasa mwanangu, nikisahau je?" Nikampa kalamu na kikadi, akaandika mwenyewe pole pole, akakifunga kwenye pindo la kanga yake.