Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shamba Letu na Amri za Mahakama

Wazee waanzilishi, kina mama, na nyinyi vijana mliokuja kushika nafasi za wazazi wenu, hamjambo.

Mwaka jana wengi wenu mliondoka hapa mkiwa mmenikasirikia. Niliomba kila mwanachama atoe mchango wa wakili, na mzee mmoja akaniuliza mbele ya watu kama tunanunua shamba letu mara ya pili. Swali lile limenikaa rohoni, na leo nalijibu.

Chama chetu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama ya hapa Kenya. Chama cha aina hiyo si mtu mbele ya sheria, kwa hivyo hati ya shamba haikuandikwa jina la chama bali majina ya wadhamini watatu, wa kulishika kwa niaba yetu. Wawili walipofariki, jina likabaki la mmoja, na hatukuketi kuchagua wengine. Uchaguzi wa viongozi nao ukawa hadithi ya kale. Nasema "hatukuketi" kwa kuwa nami nilikuwamo. Nilikuwa nakuja kuulizia ploti yangu, naambiwa surveya yuko njiani, narudi zangu Kayole nimeridhika. Tulipozinduka, upande wa barabarani ulikuwa umekatwakatwa vipande, na tayari madalali wanaonyesha wateja.

Sasa kesi. Tulianza kwa kujikwaa. Wakili wetu wa kwanza aliona kiini ni uongozi wa chama, akaifungua Mahakama Kuu. Wenzetu tuliowashtaki wakaleta pingamizi la awali: ugomvi huu ni wa ardhi, na ardhi ina mahakama yake, ile ya Mazingira na Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Na kweli, Mahakama ya Juu, ile iliyo juu ya zote, ilishasema mwaka 2017, katika kesi ya Karisa Chengo, kwamba Mahakama Kuu na hiyo ya ardhi zina hadhi sawa lakini moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Tukatupwa nje, tukalipa ada upya. Mzee wangu, hapo ulilipa mara mbili, na kosa lilikuwa letu sisi kamati.

Tulipofika mlango unaofaa, mahakama ya ardhi pale Milimani, Nairobi, mambo yalisonga. Jaji alitoa zuio kwa mujibu wa kifungu cha 68 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012: hakuna kuuza, kuhamisha wala kuweka rehani sehemu yoyote hadi kesi iamuliwe. Kisha akaagiza daftari la wanachama lipelekwe kortini na uchaguzi ufanyike. Ndio huo ulionileta kwenye kiti hiki.

Waliouziwa vile vipande vya barabarani wanasema wana hati, na hati ni hati. Kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu hati ipingwe ikiwa ilipatikana kwa hila au kinyume cha utaratibu, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management, ilisema karatasi peke yake haitoshi kama chanzo chake kina dosari. Hoja hiyo bado haijasikizwa kwetu. Baadhi ya wale watu nao walitapeliwa kama sisi, kwa hivyo naomba asiende mtu kung'oa vigingi usiku.

Kilichonishangaza ni lile daftari. Yalitokea matatu, na hakuna mawili yaliyofanana. Ikabidi tuwahakiki wanachama mmoja mmoja katika ukumbi wa kanisa, siku mbili mfululizo. Mama mmoja alikuja na risiti zake ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo, zimegeuka njano lakini zinasomeka. Nambari yake haikuwa kwenye daftari lililopelekwa kortini. Mahali pake palikuwa na jina ambalo hakuna aliyelijua. Tulipopekua vishina vya vitabu vya risiti, jina la mama likaonekana, mwaka baada ya mwaka. Hivyo ndivyo wanachama hewa walivyozaliwa.

Vijana wamekuwa wakisema tuiombe korti iweke msimamizi wa nje, kama Afrika Kusini. Huko ipo Sheria Nambari 28 ya 1996 ya vyama vya umiliki wa pamoja, na kifungu chake cha 13 kinaruhusu korti kukiweka chama kilicholemewa chini ya usimamizi wa mkuu wa idara inayohusika. Silikatai wazo hilo. Ila msimamizi angefungua daftari gani katika yale matatu? Angejuaje habari za ule mkebe?

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Ni fupi, kwa kuwa nyingi zilikwenda kwa mawakili.

Waliofiwa na mwanachama, cheti cha hisa cha marehemu pekee hakitatosha. Leteni barua za usimamizi wa mirathi kutoka kortini, na kama ndugu hamjaelewana, elewaneni kwanza nyumbani kabla ya kuja kwa katibu. Wengine leteni risiti za asili pamoja na nakala. Katibu atabaki na nakala tu, risiti mrudi nazo.

Tarehe ya kesi mtatumiwa kwa simu. Safari hii waende wajumbe watano. Mara iliyopita tulijaza magari mawili ya matatu, na wengi wenu mkashinda mmesimama kwenye korido.