Kabla ya kupiga rangi ya mpira gari la ranchi, chungulieni chini kwanza

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niongee na wagosi wenzangu wenye magari ya ranchi na mashamba ya ng'ombe huku kwetu, kuanzia Mkinga, Muheza, Pangani mpaka Handeni na Kilindi, maana siku hizi kila mwenye pikapu anataka kuipiga rangi ya mpira, ile nyeusi yenye vipele vipele, mwingine anataka stika gari zima, mwingine kanunua kava la nailoni, na mafundi nao wanawaambia watu kwamba ukishaweka hiyo kitu basi kutu umeagana nayo. Hapo nakataa kabisa. Kinga ya nje inachaguliwa kwa kuangalia gari linakumbana na nini kila siku na bati lenyewe liko kwenye hali gani, siyo kwa kuangalia gari la jirani limependeza vipi.

Gari la ranchi la Tanga halina maisha sawa na la Dodoma. Sisi tuna bahari, upepo wa kusi ukivuma unakuja na chumvi, na chumvi ikishakaa kwenye bati inavuta unyevu wa hewani, kwahiyo hata siku isiyo na mvua bati linakuwa na ubichi ubichi muda wote. Unaweza kusema ranchi yangu iko bara huko mbali na pwani, sawa, lakini gari si linashuka mjini na maziwa, linalala mjini, linapita barabara ya Pangani, linarudi na chumvi yake porini. Alafu juu ya hiyo chumvi unapakia ndama mgonjwa au madume mawili ya mnadani. Mkojo wa ng'ombe una chumvi nyingine na yurea, yurea ikikaa inageuka kuwa amonia, ile harufu inayowasha macho zizini, na yale maji hayabaki pale juu, yanateremka kwenye maungio ya bati, yanakaa na mavi na mchanga mahali ambapo jua halifiki. Ongeza miba ya migunga ukipita njia ya malishoni, inachora ubavu wa gari toka taa ya mbele mpaka ya nyuma, na kila mchoro uliofika kwenye chuma ni mlango wa kutu.

Sasa rangi ya mpira. Ni kitu kizuri na siipingi, ile ya poliyurethani au poliyurea ikipigwa inavyotakiwa inashika kwenye bati kwelikweli, kwato haziikwaruzi kirahisi, mkojo hauipenyi, na mimi naona bodi ya nyuma ya pikapu ya ranchi inaihitaji kuliko sehemu nyingine yoyote, pamoja na ule ukingo wa chini ya milango unaopigwa na mawe. Tatizo ni kinachofanyika kabla. Fundi anapitisha msasa juu juu, anafuta na kitambaa chenye thina, anapuliza, gari linatoka linang'aa, mwenye gari anafurahi. Chini yake kutu ipo vilevile, ni sawa na kufunga bandeji kwenye kidonda chenye usaha.

Na hapa naomba watu wanielewe maana ndiyo kiini cha barua yangu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, ndiyo maana kwenye rangi ya kawaida unaona kivimbe, rangi inainuka, inapasuka, unajua pale kuna kazi. Rangi ya kawaida ni nyembamba, haifichi siri. Rangi ya mpira ni nene na inavutika, kutu inaendelea kula chini yake bila wewe kuona kitu mpaka siku unakanyaga mguu unazama. Kwahiyo kama bati limeshaanza kuliwa na hutaki kulikwangua mpaka libaki jeupe, bora ubaki na rangi ya kawaida, angalau itakuonyesha. Na kukwangua peke yake hakutoshi kwa magari ya pwani, lazima lioshwe na maji baridi mengi yasiyo na chumvi, kwasababu msasa unaondoa kutu lakini chumvi inabaki kwenye vitundu vya chuma, alafu likauke kabisa, ndiyo ije thina, praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushika kwenye chuma, kisha mpira. Fundi akikuambia praima ya nini wakati mpira wenyewe unashika, tafuta fundi mwingine.

Kabla hujalipa hata senti lala chini ya gari na tochi na bisibisi. Gonga kwa mpini kuanzia nyuma ya matairi, chini ya milango, kwenye kona za bodi ya nyuma pale inapokutana na mbao au vyuma vya kubebea. Bati zima linalia, lililooza linatoa sauti butu na vipande vya kahawia vinakudondokea usoni. Tazama na matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango na kwenye sakafu ya bodi, mara nyingi yameziba kwa mavi yaliyokauka, yazibue kwa waya, na mwambie fundi ayazibe kwa karatasi wakati wa kupuliza alafu ayafungue. Nimeona pikapu imepigwa mpira vizuri sana lakini matundu yote yamefunikwa nao, masika ilipofika milango ikawa inachezacheza maji ndani ukiifungua. Hilo ni gari limeuawa na kinga yake lenyewe.

Kuna jua pia. Rangi hizi za mpira ziko za aina mbili, moja jua linaipausha na kuwa kama chaki, nyingine inavumilia jua ila bei yake iko juu, ulizeni mapema hiyo ni ipi. Ya kwanza ndani ya bodi au kwenye ukingo wa chini ya milango haina shida. Lakini msipake paa la kabini rangi nyeusi jamani, dereva na mchungaji wanaoshinda humo ndani kuanzia Desemba mpaka Machi watawasimulia. Nyeupe inabaki kuwa rangi ya gari la kazi. Na ukibadilisha rangi ya gari zima kumbuka rangi imeandikwa kwenye kadi, pita TRA urekebishe kabla trafiki hajakuuliza barabarani.

Stika sitaongea sana. Gari la mjini sawa, hata ile plastiki angavu ya kuzuia vijiwe inafanya kazi yake kwenye lami, lakini unene wake ni kama milimita 0.2 na stika za rangi ni nusu ya hapo, mwiba wa mgunga unaujua mwenyewe. Ukingo ukishachanika maji yanaingia, ukipiga maji ya presha unaendelea kubanduka, na kama rangi ya chini ilishachoka siku ya kuitoa stika inaondoka nayo.

Kava la kuvisha gari usiku nalo naliona halitufai. Lile la nailoni au turubai la bluu linazuia maji ya mvua kuingia na linazuia pia unyevu wa chini kutoka, asubuhi ukilifunua bati limetoka jasho. Upepo ukivuma linapigapiga kwenye gari lenye vumbi, kila pigo linasugua mchanga kwenye rangi. Kinachofaa huku kwetu tunacho, banda la makuti lililo wazi pande zote, nguzo sita, upepo unapita, jua halipigi, gari linakauka lenyewe. Ila lisiwe chini ya mwembe wala mkorosho, utomvu na vinyesi vya popo vinakula rangi, wala chini ya mnazi kwa sababu kila mtu anaijua.

Wale wanaoweka sakafu ya plastiki ya kutumbukiza nyuma ya pikapu, au mabati ya chekapleti ya aluminium, yale yenye vipele vya kuzuia utelezi, yaliyopigwa ribiti juu ya chuma, fikirieni vizuri. Plastiki inacheza gari likitembea, inasugua rangi ya chini, mkojo unaingia pembeni na hautoki. Aluminium ikigusana na chuma penye maji ya chumvi inaanza kuliwa yenyewe, unaona unga mweupe kuzunguka ribiti, na chuma kilicho chini kinabaki na maji yaliyonaswa. Wenye Land Rover za zamani wanaijua habari hii, bodi yake ni aluminium na watu walisema haina kutu, kumbe chasisi ni chuma. Kama unaipenda chekapleti ifunge kwa bolti juu ya raba, iwe unaifungua na kuosha chini.

Chini ya gari na ndani ya chasisi usiweke mpira mgumu wala lami ile ya kupaka kwa brashi, ikikauka inapasuka na maji yanakaa nyuma yake. Weka mafuta ya nta au ya lanolini, yale yanayotoka kwenye sufu ya kondoo, yanabaki laini, yanapenya kwenye maungio, na unarudia kila mwaka kabla ya masika. Oili chafu tuache. Najua ni bure na wazee wetu walipaka, lakini inaharibu mpira wa bushi, inadondoka pale mnapopaki, na ng'ombe ni mnyama wa kulamba kila kitu, oili iliyotoka kwenye injini ina uchafu wa madini ambao hautakiwi kuingia kwenye tumbo la mnyama unayemkamua maziwa.

Jambo la mwisho linaniuma kuliko yote. Hizi rangi za mpira za kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuzigandisha, zina kemikali iitwayo isosaianeti, ukipuliza kwa kampresa ule ukungu ukiingia kifuani unaweza kumletea mtu pumu ya maisha, na vijana wetu wanapuliza wamejifunga kitambaa mdomoni au barakoa ile ya karatasi, ambayo haizuii hewa hiyo. Inatakiwa barakoa yenye bomba la kuletea hewa safi toka nje. Wenye magari tunabishana bei mpaka fundi anakosa hela ya kununua barakoa, tuache, tuweke gharama hiyo kwenye makubaliano kama tunavyoweka praima. Mhariri, ukipata nafasi mtume mwandishi wako azunguke gereji za Tanga mjini, Pongwe na Muheza amuulize kila fundi anavaa nini akipuliza, na aandike majibu yao ukurasa mzima.

Msomaji wenu,
msimamizi wa magari ya ranchi,
Mkinga, Tanga